Nibonyeze leseni ipi?

Swali la safari hii limekuja kwa sauti, dakika nne na nusu, kutoka kwa msikilizaji wetu wa Leicester. Ana miaka ishirini na moja, anajifunza kuandika programu peke yake jioni akitoka kazini, na sasa ametengeneza kitu chake cha kwanza ambacho watu wengine wanakitaka. Ni mchezo mdogo wa ngeli. Kompyuta inakuonyesha neno, tuseme kikombe, inalitamka, halafu inakuuliza: vikombe vime-nini? Ukipata unapewa nyota. Ukikosa, neno linarudi baadaye. Aliutengeneza kwa ajili ya wadogo zake ambao, kama wengi wetu humu, wanasema "kikombe imevunjika" mpaka bibi anashika kichwa.

Na anayetamka maneno ni bibi mwenyewe. Maneno mia tatu hivi, kwa Kiswahili chake cha Unguja, yamerekodiwa kwa simu ya mjukuu likizo iliyopita.

Mchezo mzima ameuweka GitHub, msimbo na sauti pamoja, yeyote aweze kuuona. Leseni hakuweka. Sasa watu wawili wamemwandikia. Mmoja ni mwalimu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi katika mji mwingine, anataka kuuingiza kwenye kompyuta za darasani. Wa pili anatoka kampuni inayouza programu za kujifunzia lugha, anauliza masharti ya matumizi ni yapi. Na nyumbani kuna swali la tatu, la mama: "Kwa nini utoe bure kitu ulichokikesha?"

Mwenyewe anauliza moja tu: "Dada, nibonyeze ipi?" Kwa wasiojua, ukifungua hifadhi mpya GitHub unaletewa orodha ya leseni, MIT, Apache, GPL na ndugu zao, unachagua moja kama unavyochagua rangi ya simu.

Mdogo wangu, orodha tutaifikia. Kwanza tujue unatoa nini, na kati ya hivyo unavyotoa kipi ni chako. Mimi riziki yangu inatokana na programu. Swali hili naulizwa na kila anayeanza, na mara nyingi anayeuliza hajui kwamba ana vitu viwili mkononi, si kimoja.

Kuonekana si kuruhusiwa

Watu wengi wanadhani kitu kikiwekwa hadharani bila leseni basi ni cha wote. Ni kinyume chake. Hakimiliki, yaani haki ya mwenye kazi kusema nani anaruhusiwa kunakili, haiombwi wala haisajiliwi ili iwepo. Unaipata pale pale unapoandika. Huo ndio mfumo wa Mkataba wa Berne, ambao asili yake ni mwaka 1886, na Uingereza, Marekani, Oman, Kenya na Tanzania zote zimo. Kwa hiyo msimbo usio na leseni, kisheria, umefungwa. GitHub wenyewe katika masharti yao wanasema ukiweka kitu wazi, watumiaji wengine wanaweza kukitazama na kukinakili ndani ya GitHub. Zaidi ya hapo, hawana ruhusa mpaka uitoe wewe.

Sasa angalia ukimya huu unamzuia nani. Anayetaka kuiba haangalii leseni hata kidogo. Anayezuilika ni yule mwalimu wa Jumamosi, ambaye ni mtu wa haki, kauliza kwanza, na bado anasubiri jibu. Kila siku usipochagua, umemwambia yeye hapana.

Leseni basi ni barua ya ruhusa kwa watu usiowajua. Inasema: fanyeni hivi na hivi, kwa sharti hili na hili, wala hamna haja ya kunipigia simu.

Jibu la mama

Mama usimpuuze, swali lake ni zuri. Lakini kuna kitu kimoja cha kumtuliza: kutoa leseni si kutoa umiliki. Mwenye nyumba akikupa ufunguo hajakupa hati ya nyumba. Msimbo ulioandika unabaki wako, jina lako linabaki juu yake, na hakuna kinachokuzuia kuuza kitu hicho hicho kwa mtu anayetaka masharti mengine. Wapo wanaoishi hivyo. PyQt, ambayo umesema umeitumia kutengenezea madirisha na vitufe vya mchezo, wenyewe Riverbank Computing wanaitoa kwa njia mbili: bure chini ya GPL, au kwa kulipia kwa wasiotaka masharti ya GPL. Kitu kimoja, milango miwili. (PyQt tutairudia, ina jambo lake.)

Mama atasema tena: "Na wakivunja sharti, nani atawafuata?" Mwambie habari ya treni za kuchezea. Kuna programu ya kuendeshea reli ndogo za mezani, inaitwa JMRI, imeandikwa na wapenzi wa treni na kutolewa bure chini ya leseni huria. Kampuni moja Marekani ilichukua baadhi ya faili zake ikazitumia bila kuweka majina ya walioziandika, kama leseni ilivyotaka. Robert Jacobsen, mwanafizikia aliyekuwa akiongoza mradi huo, akaenda mahakamani. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema masharti ya leseni huria ni masharti ya kweli, na anayeyavunja anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki, hata kama kitu chenyewe kilitolewa bure. Treni za kuchezea, jamani! Ndizo zilizotupa moja ya hukumu muhimu kabisa katika kazi hii.

Sadaka au wakfu

Leseni ziko nyingi, lakini anayeanza anahitaji kujua familia mbili tu. Nitatumia maneno ambayo walio na bibi wa Mombasa au Unguja wameyasikia nyumbani: sadaka na wakfu. Mfano hauendi mpaka mwisho, lakini unatufikisha karibu.

Familia ya kwanza ni ya sadaka. Ukishatoa, umetoa. Aliyepokea akiila, akiipika upya, akiiuza, shauri yake. MIT ndiyo maarufu zaidi hapa. Ni fupi, haifiki maneno mia mbili, na inasema mambo matatu: fanya utakavyo na programu hii, usiliondoe jina langu na maandishi haya, na ikiharibika usinidai. BSD ni ndugu yake wa karibu sana. Apache 2.0, ya mwaka 2004, ni ya familia hiyo hiyo ila ni ndefu, na inaongeza jambo moja kubwa: wanaochangia msimbo wanatoa pia ruhusa ya hataza zao zinazohusika, ili mtu asikupe programu leo halafu kesho akakushtaki kwa uvumbuzi uliomo ndani yake. Kwa mchezo wa ngeli, hataza si tatizo lako. Kwa mradi ambao makampuni yatachangia, Apache ina maana zaidi.

Familia ya pili ni ya wakfu. Mtu anachimba kisima akakiweka wakfu: kila mtu achote, lakini pasiwe na wa kukizungushia ukuta akasema sasa ni changu. Hiyo ndiyo GPL, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1989. Toleo la 2 ni la 1991 na la 3 ni la 2007. Yeyote anaweza kutumia, kubadilisha, hata kuuza nakala. Ndiyo, kuuza kunaruhusiwa, hapa wengi wanakosea. Sharti ni kwamba ukimpa mtu mwingine programu hiyo, au programu uliyoijenga juu yake, umpe na msimbo wake pia, kwa masharti yale yale. Haki uliyopewa wewe lazima naye aipate.

Familia hizi mbili zinaleta matokeo tofauti kabisa, na nataka uone mifano ya kweli kabla hujabonyeza.

Andrew Tanenbaum ni profesa mstaafu wa kompyuta wa Amsterdam. Alitengeneza mfumo endeshi mdogo wa kufundishia wanafunzi, Minix, na baadaye akauweka chini ya leseni ya BSD. Mwaka 2017 akajua kupitia vyombo vya habari kwamba Minix imo ndani ya chipu za Intel, kwenye sehemu ya siri inayosimamia kompyuta hata mwenyewe usipojua. Karibu kila kompyuta mpya ya Intel ilikuwa nayo. Wahandisi wa Intel walikuwa wamewahi kumuuliza maswali ya kiufundi miaka ya nyuma, kisha kimya. Akawaandikia barua ya wazi. Hakuomba pesa, na wala hakusema wamevunja leseni, kwa sababu hawakuivunja. Alisema tu kwamba ingekuwa adabu kumwambia. Hivyo ndivyo MIT na BSD zinavyofanya kazi. Kama habari kama hiyo ingekufurahisha, chagua familia hii bila wasiwasi. Kama ingekuuma moyo, usiichague, kwa sababu leseni haidai adabu.

Upande wa pili kuna Linksys. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta yao maarufu ya nyumbani, WRT54G, inaendeshwa na Linux ndani. Linux iko chini ya GPL, kwa hiyo wanunuzi walikuwa na haki ya kupata msimbo. Baada ya kudaiwa, kampuni ikautoa. Kutokana na msimbo ule ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo unazipa uhai ruta ambazo watengenezaji wameshazisahau. Leseni ingekuwa ya sadaka, kampuni ingeweza kunyamaza, na isingekuwa na kosa.

GPL ina tundu moja unalopaswa kulijua. Sharti lake linaanza pale unapompa mtu nakala. Kampuni ikiweka programu yako kwenye seva yake, watu wakaitumia kupitia intaneti bila kupewa nakala, haiwajibiki kutoa chochote. Kwa ajili hiyo iliandikwa AGPL, nayo toleo lake la 3 ni la 2007, inayosema anayeitumia programu kupitia mtandao naye ana haki ya kupata msimbo. Mchezo wako unakaa kwenye kompyuta ya mtu, kwa hiyo GPL ya kawaida inatosha. Siku ukiuhamishia kwenye tovuti, fikiria AGPL.

"Lakini nisiruhusu biashara"

Najua umelifikiria, maana kila anayeanza analifikiria. Mwalimu atumie bure, kampuni isitumie. Kwa nini nisiandike hivyo tu?

Linus Torvalds naye aliandika hivyo. Leseni ya kwanza kabisa ya Linux, mwaka 1991, ilikataza watu kuchukua pesa kwa kuisambaza. Tatizo likajitokeza haraka: waliokuwa wakinakili Linux kwenye diski na kuwagawia wenzao walihitaji kurudisha gharama za diski. Je, hiyo ni biashara? Mwaka 1992 akaiacha leseni ile, akaenda GPL toleo la 2, na ndiyo inayotumika mpaka leo.

Lete swali hilo kwa mwalimu wako wa Jumamosi. Wazazi wanalipa ada kidogo kwa mwezi ili kukodi ukumbi. Je, anafanya biashara? Mwalimu mwenye hofu ya sheria ataacha kabisa kutumia mchezo wako, na wewe ulikuwa unamkusudia yeye. Halafu kuna jambo la jina: taasisi ya Open Source Initiative, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo inayotunza maana ya chanzo huria, na maana hiyo hairuhusu kubagua kazi wala matumizi. Programu inayokataza biashara unaweza kuitoa, ni haki yako, lakini usiiite huria.

Na jamani, usijiandikie leseni yako mwenyewe. Mstari mmoja ulioubuni usiku unaweza kumtisha mwanasheria kuliko kurasa kumi za GPL, kwa sababu GPL ameshaisoma na wako hajui una maana gani.

Huenda umeshachaguliwa

Kabla ya kubonyeza, fungua msimbo wako uangalie umetumia vitu vya nani. Hapa ndipo PyQt inaporudi. Umeichukua kwa njia ya bure, na njia ya bure ni GPL toleo la 3. Maana yake ni kwamba ukiwagawia watu mchezo wako pamoja na PyQt, kifurushi kizima lazima kifuate masharti ya GPL. Unaweza kuiweka mistari yako mwenyewe chini ya MIT, lakini mtu akichukua mchezo kamili, wakfu wa PyQt unamfuata.

Kama hilo hulitaki, ipo PySide, inayofanya karibu mambo yale yale na inatolewa pia chini ya LGPL. Hiyo ni leseni laini zaidi ya familia ya wakfu: maktaba yenyewe inabaki huria, lakini programu yako iliyoitumia unaipangia masharti yako, mradi uheshimu ya maktaba. Kuhama kutoka PyQt kwenda PySide kwa mchezo mdogo ni kazi ya siku moja au mbili.

Angalia pia vipande ulivyonakili. Majibu ya Stack Overflow yana leseni yake ya Creative Commons, inayotaka utaje ulikokitoa na ushirikishe kwa masharti yale yale. Mstari mmoja wa kawaida hauna neno. Ukurasa mzima uandikie asili yake.

Na mwisho, mkataba wa kazi. Umesema unafanya kazi mchana. Sheria ya Uingereza ya hakimiliki, ya mwaka 1988, inasema kazi uliyoifanya kama sehemu ya ajira yako ni ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wewe kazi yako ni ya dukani na mchezo umeuandika usiku kwa kompyuta yako, kwa hiyo huna la kuogopa. Lakini wasikilizaji wetu mlioajiriwa kama wahandisi, someni mkataba kabla ya kutoa kitu. Baadhi ya mikataba inadai hata kazi za usiku.

Sauti ya bibi

Sasa kile kitu cha pili mkononi mwako. Mdogo wangu, katika dakika zako nne na nusu bibi ulimtaja sekunde kumi tu, lakini hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Ukiweka faili moja la leseni juu ya hifadhi nzima, bila maelezo mengine, anayesoma ataelewa kwamba inahusu kila kilichomo. Pamoja na ile folda ya sauti. Ukibonyeza MIT, umemwambia kila mtu duniani: chukueni sauti ya bibi yangu, mkaibadilishe, mkaiuze. Kampuni inaweza kuiweka kwenye programu yake ya kulipia. Mtu mwingine anaweza kuitumia kufundishia mashine isome maandishi kwa sauti inayofanana na yake, iseme maneno ambayo bibi hajawahi kuyasema. Na kwa leseni ile, wote hao watakuwa wamefuata masharti.

Je, bibi alikubali hayo? Alikubali kumsaidia mjukuu wake kuwafunza wadogo zake. Hicho ndicho alichoulizwa. Msimbo umeuandika wewe, unaweza kuutoa wewe. Sauti ni yake, na anayestahili kuulizwa ni yeye.

Sisemi kwamba jibu lake litakuwa hapana. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na kuzitoa chini ya CC0, yaani bila sharti lolote, ili hata mwanafunzi asiye na pesa aweze kufundisha mashine isikie lugha yake. Watu wengi wamejitolea kusoma sentensi huko. Tofauti ni kwamba walijua wanajitolea kwa ajili gani kabla ya kufungua mdomo.

Wapo pia waliofikiri na wakachagua njia nyingine. Te Hiku Media ni kituo cha redio cha Wamaori kaskazini mwa Nyuzilandi. Mwaka 2018 waliwaomba watu wao wasome sentensi kwa lugha yao, na ndani ya siku kumi wakapata mamia ya saa za sauti. Walipotakiwa kuwapa wengine, walikataa, wakaandika leseni yao inayojengwa juu ya neno kaitiakitanga, ambalo ni ulezi: sauti hizi tunazitunza kwa niaba ya wenyewe, na atakayezitumia awanufaishe wenyewe. Hiyo si leseni huria, na hawaiiti hivyo. Kwao, lugha iliyokaribia kupotea haikustahili kurudishwa kwa wenyewe kama bidhaa ya kulipia.

Kwa hiyo muulize bibi, na umuulize kwa maneno yake. Usimwambie leseni wala data. Mwambie: "Bibi, kuna mwalimu anataka watoto wa darasani wakusikie, sawa? Na mtu nisiyemjua akikuchukua akakuweka kwenye kitu anachouza? Na mashine ikijifunza kusema kama wewe?" Ni maswali matatu, na anaweza kutoa majibu matatu tofauti. Kila jibu lina mahali pake.

Ukimya niliousema vibaya mwanzoni, hapa umekusaidia. Kwa kuwa hukuweka leseni yoyote, mpaka leo hakuna aliyepewa ruhusa ya kuitumia sauti ile nje ya GitHub. Bado una nafasi.

Na nikibadili mawazo?

Msimbo wako unaweza kuubadilishia leseni kesho, lakini kwa matoleo ya kesho tu. Uliyoyatoa jana yanabaki na ruhusa ya jana kwa aliyeyachukua. Kampuni kubwa zimeliona hili. HashiCorp walipoifungia Terraform kwa leseni ya masharti mwaka 2023, watu walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaliendeleza kwa jina la OpenTofu. Redis wakafanya vivyo hivyo Machi 2024, na ndani ya siku chache ikazaliwa Valkey. Mwaka 2025 Redis wakarudi na kuongeza AGPL kati ya chaguo zao, lakini Valkey haikuondoka.

Na ukianza kupokea msimbo wa wengine, kila aliyechangia ana hakimiliki ya kipande chake. Kubadilisha leseni baadaye ni kumtafuta kila mmoja akubali. Sasa uko peke yako, kwa hiyo uamuzi wa sasa ndio rahisi kuliko wote utakaokuja.

Familia ya sadaka inaweza kuingia kwenye wakfu baadaye. Kutoka kwenye wakfu ni kazi. Lakini kilichotoka kwa sadaka hakirudi.

Ningekuwa wewe

Ningefanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, ningeitoa folda ya sauti kwenye hifadhi ya wazi leo hii, kabla ya kuweka leseni yoyote. Angalizo: Git inakumbuka. Ukifuta faili leo, bado limo kwenye historia na mtu anaweza kulirudisha. Njia rahisi kwa anayeanza ni kufungua hifadhi mpya, kuweka msimbo bila sauti, na kuifuta ile ya zamani.

Pili, msimbo ningeuweka chini ya GPL toleo la 3. PyQt inakusukuma huko tayari, na kwa ulivyonieleza, unachotaka ni mchezo ubaki wazi kwa watoto wa watu kama sisi, hata akiuboresha mwingine. Mwalimu anautumia darasani bila kukuuliza. Kampuni nayo inaweza kuutumia, ila ikiwapa wateja wake, iwape na msimbo. Kama haitaki hivyo, ije mzungumze bei, na hapo mama atafurahi. Ila kumbuka kwamba kwa kuuza kwa masharti mengine itabidi uwe umehamia PySide, au umelipia PyQt.

Tatu, chukua maandishi kamili ya leseni bila kuyabadilisha hata neno, yaweke kwenye faili linaloitwa LICENSE juu kabisa ya hifadhi. Kisha kwenye faili la maelezo andika mstari mmoja kwa lugha ya kawaida: msimbo ni GPL toleo la 3, sauti hazimo katika leseni hii.

Nne, mpigie bibi. Akikubali kwa ajili ya madarasa tu, mpelekee mwalimu sauti zile moja kwa moja na barua fupi inayosema hivyo. Akikubali zaidi, sauti zipe leseni yake katika folda yake. Leseni za Creative Commons zinafaa kwa sauti, ingawa wenyewe hawashauri zitumike kwa msimbo. Akikataa, rekodi sauti yako mwenyewe. Utakosea matamshi ya maneno mawili matatu, na bibi atakurekebisha bure.

Tano, mjibu mwalimu kabla ya Jumamosi.

Wengine mlio na programu zimekaa wazi bila leseni, nendeni mkaangalie ndani mna nini. Kama mna sauti, picha au hadithi ya mtu wa nyumbani, mpigieni kwanza, halafu ndiyo mbonyeze. Maswali yenu tutumieni kama kawaida, kwa sauti au kwa maandishi, na Kiswahili chochote mlicho nacho kinatosha.